Ubuyu na pengo la tarehe 12

Mimi ni karani wa masijala, nakaa Mbagala. Baada ya makato ya mkopo wa benki, mshahara wangu ulikuwa ukifika tarehe 12 umebaki jina. Kuanzia hapo ni kukopa kwa wenzangu, kulipa mwisho wa mwezi, kisha kukopa tena. Nilifikiria mitumba, nikafikiria uwakala wa kutuma pesa, vyote vinataka mtaji wa laki kadhaa. Mimi nilikuwa na 30,000 iliyobaki kwenye hela ya mchezo, ule upatu wetu wa kupokezana.

Shangazi yangu wa Unguja hupika ubuyu, basi nikampigia. Akanielekeza kwa simu: sukari, maji, rangi, chumvi kidogo, iliki, pilipili ya unga. "Ila shira usiifanyie haraka, mwanangu. Ishike kwa vidole, ikivuta uzi ndiyo umwage ubuyu."

Nikaifanyia haraka. Ubuyu ulishikamana ukawa tofali moja jekundu, nikaubandua sufuriani kwa mwiko huku mume wangu akicheka. Tuliula wenyewe wiki nzima. Jumatatu yake bosi akaniita kuuliza ni damu ya nani kwenye jalada. Ilikuwa alama ya dole gumba langu.

Mpiko wa tatu ndio uliokubali. Siku hizi nauchekecha ubuyu kwanza ili unga mweupe utoke, shira isigeuke uji. Nikishamwaga napunguza moto, nakoroga bila kuacha mpaka kila kokwa ijitenge na mwenzake, ndipo naanika kwenye sinia upoe. Unga uliochekechwa situpi: tunagandisha barafu za ubuyu, na binti yangu anauza pale pale barazani.

Nilianzia kuuza ofisini, na hapo ndipo nilipopigwa. Kila mtu ni "dada, andika, nitakupa mwisho wa mwezi". Daftari likafika 43,000 wakati mfukoni sina hata hela ya sukari. Mmoja alihamishiwa Songea na elfu 6 yangu. Mpaka leo tunatakiana Idi njema kwenye simu, deni hatulitaji. Nikaacha kuuza ofisini kabisa. Waliniona nina roho mbaya, sawa.

Nikaenda kwa Mangi, mwenye duka wa mtaani, na vifuko 50. Akaonja, akatema kokwa, akauliza, "Unaleta kila wiki au ndiyo nyie wa kuleta mara moja mnapotea?" Nilimwachia kwa 80 kila kimoja, yeye auze 100, na sharti likawa moja: nikileta mzigo mpya ananilipa wa zamani. Sasa nina maduka manne ya namna hiyo.

Hesabu yenyewe si ya kutisha. Kilo 4 za ubuyu 8,000, kilo 2 za sukari 5,600, viungo na rangi 2,500, vifuko 2,000, mkaa 1,500. Jumla 19,600. Napata vifuko 340 hivi, yaani 27,200, kwa hiyo mpiko mmoja unaniachia 7,600. Mwanzoni mkaa sikuuhesabu, wala viganja ambavyo kila anayepita jikoni alikuwa anachota, nikawa najiuliza faida inaenda wapi. Napika Jumatano usiku na Jumamosi. Ukijumlisha na barafu, mwezi unanipa 70,000 na kidogo.

Mwanzoni mwa 2024, mvua zilipokwamisha viwanda na sukari ikapanda hadi 4,000 kwa kilo huku kwetu, ile 7,600 ilishuka mpaka 5,200. Bei ya kifuko huwezi kuigusa, mtoto ana mia moja yake mkononi. Nikapunguza kijiko: badala ya kilichojaa, nikapima cha usawa. Watoto waligundua kabla ya Mangi. Kuna mmoja alikinyanyua kifuko juani, akaniambia, "Mama, huu umekonda." Sukari iliposhuka nilirudisha kijiko siku ile ile.

Hela ya ubuyu inakaa kwenye laini yake ya simu, namba ya siri naijua mimi peke yangu, na inalipa nauli za watoto na gesi. Ofisini sijakopa tangu Juni. Tatizo nililonalo sasa ni sufuria, maana duka la tano limeniita na hii yangu haipokei zaidi ya kilo 4. Shangazi anasema lake kubwa limelala tu Unguja, nimtafute mtu wa kulipandisha boti.