Nilivyompa mama morfini nyumbani Langoni, Lamu, kwa saa na si kwa adhana

Watu watatu walinikataza kumpa mama morfini, dawa kali ya maumivu, kabla hata chupa haijavuka Mokowe, gati la bara la kuvukia kisiwani kwetu. Ami alisema hiyo ni dawa ya mtu anayekata roho, ukiianza umeshatandika sanda. Halati, dada yake mama, akasema mama atageuka teja akiwa na miaka 68. Wa tatu ni mwenye duka la dawa, ambaye miezi miwili alikuwa akituuzia dawa za maumivu, tramadoli na diklofenaki, bila cheti cha daktari. Ami na halati nimewasamehe, walisema kwa mapenzi. Huyu wa tatu bado ananiudhi, kwa sababu yeye alisomea.

Saratani ya titi ilikuwa imeshaingia kwenye mifupa ya mgongo. Safari ya kuligundua hilo ni ndefu, nairuka. Nitakalo mlijue ni maumivu yenyewe: mama alikuwa hageuki kitandani bila kushika ubao kwa mikono miwili, na akisujudu hainuki mpaka ainuliwe. Tramadoli ilishafika miligramu 400 kwa siku, na hapo ndipo mwisho wake. Ukipita hapo unatafuta degedege, si nafuu. Diklofenaki ilimla tumbo hadi choo kikawa cheusi kama lami. Ndipo daktari wa Mombasa akamwandikia morfini ya maji.

Muuguzi alikaa nami karibu nusu saa, nami nikiandika kwenye daftari la mpwa wangu. Tramadoli tuiache kabisa. Morfini mililita 5, ambazo kwenye chupa ile ni miligramu 5, kila baada ya saa 4, maumivu yawepo yasiwepo, kwani ukiyangoja yarudi kila mara unaanza vita upya. Dozi ya saa 4 usiku niizidishe mara mbili, alale hadi asubuhi bila kuamshwa saa 8. Yakichomoza katikati, nimpe kiasi kile kile cha dozi moja, niandike saa niliyompa. Kisha akasema neno ambalo nimelirudia kwa watu wengi: "Dada, figo za mama tumezipima, ziko sawa. Zingekuwa mbovu ningekupa hesabu nyingine kabisa. Usimgawie mtu hesabu hii."

Barua yenye muhuri wa hospitali niliomba mwenyewe, na nilifanya vyema. Njia ya kutoka Garsen kuja Mokowe ina vizuizi, na kwenye kimoja askari alifungua mkoba, akaiinua chupa juani akaitazama. Akasoma barua, akaisoma tena, akasema, "Mpe pole mama." Nauli siikumbuki sawasawa, ni elfu na kitu kwa kila mmoja.

Kufika nyumbani nikaingia kosani, na kosa lenyewe nililiona ni busara. Dozi ni tano, swala ni tano. Mama hata akiwa usingizini adhana haimpiti, na Lamu misikiti imetuzunguka, huna haja ya kengele. Nikapanga: Alfajiri, Adhuhuri, Alasiri, Magharibi, na ile ya mara mbili Isha. Niliona Mungu mwenyewe ameshanipangia ratiba.

Siku ya kwanza, ilipofika saa 3 asubuhi mama alishaanza kuuma pindo la leso. Kutoka Alfajiri hadi Adhuhuri ni zaidi ya saa 7, na dawa inashika saa 4 tu. Nikamwambia vumilia, adhana iko karibu. Haikuwa karibu. Mchana akapata nafuu. Alasiri nikampa, saa 9 na nusu. Magharibi nikampa, saa 12 na robo. Isha nikampa ile ya mara mbili, saa 1 na nusu. Hesabuni wenyewe: mililita 20 ndani ya saa 4, kwa mtu aliyestahili 5.

Kufika saa 3 usiku mama alikuwa anakoroma mkoromo ambao sijawahi kuusikia kwake, mdomo wazi. Nikamwita, akafumbua macho, akayafumba. Nikakaa ukingoni mwa kitanda, simu mkononi, nikahesabu kifua kikipanda: mara 11 kwa dakika. Nikampigia muuguzi, natetemeka.

"Ukimwita anaamka?"

"Anaamka, lakini kwa uzito."

"Usimpe tena chochote mpaka nikwambie. Hesabu kila robo saa. Ikishuka chini ya 8, au ukimtikisa haamki, mpeleke hospitali usiku huu huu. Wataitumia naloksoni, inaizimua morfini, lakini wampe kidogo kidogo, la sivyo maumivu yote yatamrudia kwa pamoja."

Nilihesabu mpaka saa 8 usiku. Haikushuka. Saa 9 akaamka mwenyewe kwa maumivu, akasema, "Ndoo, mwanangu," yaani njoo, nikaenda, na kwa mara ya kwanza nilishukuru kumsikia akilalamika.

Kuanzia asubuhi ile tulifuata saa: 12 asubuhi, 4, 8 mchana, 12 jioni, 4 usiku. Kengele tano kwenye simu yangu, tano kwenye simu ya kaka endapo yangu imezima. Mpwa wangu akachora safu kwenye daftari: saa, kiasi, maumivu kutoka 0 hadi 10, choo. Siku ya tano palikuwa na 3 kwenye safu ya maumivu. Mama hakuwahi kutaja namba chini ya 7 tangu Ramadhani.

Safu ya choo msiipuuze. Kichefuchefu na usingizi wa mwanzo vilimwisha kwa siku tatu hivi, kama nilivyoambiwa. Kufunga choo hakuishi, mwili hauzoei, ndiyo maana vidonge vya kulainisha huandikwa siku ile ile ya kwanza. Mimi nilidhani papai litatosha. Halitoshi. Siku ya nne mama alitaka kuiacha morfini kwa ajili ya tumbo tu, na angeiacha ingekuwa kosa langu.

Chupa ilikaa ndani ya kasha la mama, kwa kufuli, na ufunguo kwenye pindo la leso yangu. Unga umetuchukulia vijana pwani nzima, Lamu na Malindi, na kijana mwenye arosto haulizi dawa ni ya nani. Sikumwambia mtu wapi ilipo, hata ndugu.

Mwezi wa pili kiasi kilikuwa kimepanda hadi miligramu 10. Tulipopewa chupa mpya, mahali sitapataja, aliyenipa alisema, "Endelea vile vile." Rangi karibu ni ile ile, kizibo ni kile kile. Ya kwanza iliandikwa miligramu 5 kwa mililita 5. Hii iliandikwa 50 kwa mililita 5. Ningeendelea "vile vile" ningempa mama miligramu 100 kwa mkupuo. Nilirudi dirishani nikasimama mpaka wakanisikiliza, wakanipa sirinji ndogo na kuandika kwa kalamu nene: MILILITA 1. Nawaambia wote wanaokuja kuniuliza: soma namba zote mbili kwenye karatasi ya chupa, ndipo uvute sirinji.

Halafu Mombasa wakampiga miale ya kutibu saratani mgongoni, mara moja tu. Wiki tatu baadaye safu ya maumivu ikawa 1, 0, 1. Muuguzi hakuruhusu tuache ghafla, maana mwili ukishazoea ukiunyima kwa mara moja hutetemeka na kuhara. Si uteja huo, ni mwili kudai taratibu. Tukapunguza hatua kwa hatua, kila siku chache. Mama hakuiuliza hata siku moja. Ami alikuja Ijumaa akamkuta amekaa barazani anasuka ukili, akanyamaza, akaomba kahawa.

Jirani mmoja aliposikia tumemaliza, alikuja na kichupa chake, mumewe anaumwa na yeye. Nilimhurumia sana lakini sikumpa hata tone. Kesho yake nilimsindikiza hospitali, nikakaa naye foleni mpaka mumewe akapimwa na kuandikiwa yake.

Siku hiyo hiyo niliirudisha chupa yetu, na mama akaja nami, kwa miguu yake, akipumzika kila baraza. Mfamasia akamimina kwenye kipimo: mililita 32. Akaandika kwenye rejista, akasaini, nikasaini. Mama akaomba kalamu naye, akaandika jina lake kwa herufi za Kiarabu, kama alivyofundishwa chuo cha Kurani.