Usiku mama alipomwonea huruma DeVonta Smith

Shuleni Tanga waliniita Ng'onda, kwa jinsi nilivyokuwa mkavu. Nilipohamia Birmingham, Alabama, nilidhani jina nimeliacha bandarini. Kumbe nakuja kumkuta bingwa wa ukoo.

DeVonta Smith, jezi namba 6, wakati huo mdakaji wa pasi wa Chuo Kikuu cha Alabama, kwenye ule mpira wa Kimarekani wa kubeba mikononi. Urefu mita 1.85, uzito kilo 79 kwenye karatasi za timu, na mimi hizo kilo nahisi walimpima na kofia, viatu na begi la shule mgongoni. Wenzake wa mstari wa mbele walikuwa wanapita kilo 140. Akisimama kati yao ungedhani mwiko uliosahauliwa kwenye masufuria ya pilau ya harusi.

Usiku wa tarehe 11 Januari 2021 ilikuwa fainali ya taifa ya vyuo dhidi ya Ohio State, kule Miami Gardens. Korona ilitufungia ndani, mimi na jamaa niliyekaa naye, mzaliwa wa hukuhuku, ambaye Smith akigusa tu mpira anapiga kelele "Roll Tide!", wito wa mashabiki wa Alabama, mpaka glasi zinatikisika. Na alikuwa na haki. Siku sita kabla, kijana alikuwa amechukua tuzo ya Heisman, ya mchezaji bora wa vyuo, mdakaji wa kwanza kuipata tangu Desmond Howard mwaka 1991.

Robo ya pili, simu ikaita. Tanga ilikuwa alfajiri, mama ametoka kuswali.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Makelele gani hayo? Hilo roli tayari linakwenda wapi?"

Nikacheka, nikaigeuzia simu kwenye runinga. Akauliza wangu ni yupi. Nikamwonyesha namba 6. Akakaa kimya muda, nikadhani mtandao umekata.

"Huyo mtoto ana mama?"

"Anaye."

"Basi hakai naye karibu."

Nilikuwa natafuta la kujibu Mac Jones, mrushaji wetu, alipourusha mpira. Ohio State, kwa sababu wanazozijua wao, walikuwa wamemwachia beki mzito wa katikati amkimbize Smith. Ni sawa na kumtuma ng'ombe akamkamate kuku. Kijana alipita kama aliyeiona daladala ya mwisho inaondoka. Yadi 42, bao lake la tatu, tachidauni wanavyoliita, na hata mapumziko bado.

"Kumbe ng'onda ana mbio!" mama akapiga kelele.

"Mama, hilo jina langu."

"Sasa ni la wawili. Mwenzio analitumia."

Wakaenda mapumziko 35 kwa 17. Nusu moja tu, Smith alikuwa amedaka mara 12, yadi 215. Robo ya tatu akaumia kidole, akatoka, hakurudi. Sebuleni kwetu palikuwa kama msibani, ingawa tulikuwa tunaongoza mbali. Mechi ikaisha 52 kwa 24. Mama aliposikia akauliza kama ule ni mpira au mnada.

Kesho yake nikakuta ujumbe wake wa sauti. Kijana akandwe kidole kwa maji ya moto na chumvi, asikubali kuvutwavutwa na kila mtu. Halafu akashusha sauti: "Na wewe Ng'onda, umekula?"