Umefanya wewe, si mimi

Jumamosi, usiku. Miguu inauma na sauti imenikauka, lakini kuna neno la bibi mmoja limenikaa kichwani tangu asubuhi. Naliandika kabla halijapoa.

Sisi ni watu wachache tunaojitolea kufundisha simu na kompyuta, wazee upande huu, watoto upande ule. Mimi niko kwa wazee, na kwa miezi mingi nimejiona fundi. Leo akaja bibi na simu aliyonunuliwa na mwanawe. Anagusa, haifunguki. Anagusa tena, kimya. Akikandamiza kwa hasira, vile vijipicha vya programu vinaanza kuhamahama kama kuku waliofunguliwa banda. Nikafanya nilichozoea: nikaichukua simu mkononi mwake, nikagusa mara tatu, nikamrudishia. "Tayari, bibi."

Akaitazama simu, kisha akanitazama mimi. "Umefanya wewe, si mimi. Ukishaondoka je?"

Nilicheka ili kuficha aibu. Ni wazee wangapi nimewapokonya simu zao namna hiyo, nikawarudishia, wakanishukuru, nikaenda nyumbani kifua mbele?

Aliyetuokoa ni mtoto wa miaka kama kumi, alikuwa amechoka kusubiri zamu ya kompyuta. Alisogea, akachukua kifuniko cha kalamu, akakikandamiza kwenye kioo hadi kucha zikabadilika rangi. Hakuna kitu. Akagusa kwa ncha ya kidole, taratibu, ikafunguka. "Kumbe si nguvu!" bibi akasema.

Si nguvu kweli. Kioo cha simu hizi hakipimi uzito wa kidole. Kinahisi badiliko dogo la umeme ngozi inapokikaribia. Plastiki haipitishi umeme, ndiyo maana kifuniko kilishindwa. Na ngozi ya uzeeni hukauka, kwa hiyo kioo wakati mwingine hakimtambui mwenye kidole. Haya nilikuwa nayajua. Ila sikuwahi kuyahusisha na mzee hata mmoja kati ya wale niliokuwa nikiwaambia "gusa vizuri". Bibi akaleta kidole mdomoni, akakipulizia pumzi ya moto, akagusa. Ikamtambua.

Likabaki lile la vijipicha kuhamahama. Kidole chake hukawia kuinuka, simu inadhani ameshikilia makusudi. Kwenye mipangilio, upande wa ufikivu, yaani wa kurahisisha simu kwa wenye shida ya macho, masikio au vidole, kuna mahali pa kurefusha muda huo. Nilijifunga mikono mgongoni, sifanyi utani, nikamwelekeza kwa mdomo tu. Ilichukua karibu dakika ishirini. Mara mbili alipotelea kwenye saa ya kengele. Mikono yangu iliwasha. Mwisho akapata, kisha akatoa daftari akaandika kwa herufi kubwa: GUSA, ACHIA.

Yule mtoto naye hakuwa mwalimu mzuri, tuseme ukweli. Watoto hupokonya kuliko mimi. Lakini alirudi kwenye kompyuta yake, kwenye Scratch, ile programu ya kutengeneza michezo kwa kupanga vipande vya rangi, iliyotolewa na chuo cha MIT cha Marekani mwaka 2007, na baada ya muda akamwita bibi aje aone. Ametengeneza duara moja kubwa jekundu. Ukiligusa unapata pointi, nalo linakimbilia pengine. "Hili la kufanyia mazoezi," akasema, bila hata kumtazama usoni.

Nilifurahi kuliko nilivyoonyesha. Windows, ile programu inayoendesha kompyuta, ya mwaka 1990 ilikuja na mchezo wa karata, na wengi waliozoea kuburuta kwa kipanya walizoea kwa kuhamisha zile karata, bila kujua wako darasani. Nikamkumbuka pia Masako Wakamiya wa Japani, mstaafu wa benki, ambaye mwaka 2017, akiwa na miaka 81, alitoa mchezo wa simu wa kupanga wanasesere, kwa sababu michezo iliyokuwepo ilidai wepesi wa vidole ambao wenzake hawana. Nilimsimulia bibi. Akauliza swali moja tu: "Alifundishwa na nani?" Nikamwambia alijifunza mwenyewe kwa kuulizauliza. Akaguna.

Duara lilimshinda mara tisa. Mara ya kumi alilipata, ya kumi na moja akalikosa, kisha akamfukuza mtoto aliyetaka kumsaidia.

Wakati wa kuondoka akaniita pembeni, sauti chini, kama mtu mwenye siri ya aibu. Akafungua picha zake mwenyewe, kwa kidole chake. Sakafu. Sakafu. Kiatu. Sakafu tena, mamia kwa mamia. "Jumamosi ijayo," akasema, "nataka nizifute hizi. Mimi mwenyewe."