Wimbo Usioimbwa Umekaa

Desemba 2003, nikiwa nimemaliza kidato cha kwanza, mwalimu wa Kiswahili alitupa kazi ya likizo: kila mmoja arudi na wimbo wa kwao. Majina yote nilikuwa nayo daftarini. Wawe za kulimia, kimai za mabaharia, nyiso za jandoni. Nikajiona mtaalamu.

Nikapanda basi kwenda kwa bibi, Sikonge, kusini mwa Tabora mjini, na redio kaseti ya mjomba mapajani. Usiku wa kwanza nikamwomba aniimbie wimbo wa kulima. Alikuwa anatafuna matobolwa.

"Mume wangu, nitauimbaje nimekaa? Jembe liko wapi?"

Nikabembeleza. Akaanza, akakwama. Akaanza tena, akakwama palepale. Akasema umemtoka, akarudi kwenye viazi vyake.

Keshokutwa majirani wakaja kumlimia matuta ya mahindi, kama watu ishirini hivi. Malipo yao ugali na pombe. Nikaitundika redio kwenye tawi la mwembe, nikabonyeza, nami nikapewa jembe. Bibi akatoa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, nyembamba, kali, nao wakaitikia, majembe yote yakashuka kwa pamoja. Pale alipokwama juzi ndipo jembe linapoingia ardhini. Kumbe nafasi ile ni ya jembe, na juzi hapakuwa na wa kuijaza.

Tuta la pili nikaanza kuachwa. Kinyamwezi changu kilikuwa cha salamu, "mwangaluka", na cha kuombea maji, basi. Ila niliona kiitikio hakibadiliki, maneno ya bibi ndiyo yanayobadilika. Mara nikasikia jina langu. Mstari mzima ukaitikia, na safari hii kwa kicheko. Mama aliyekuwa tuta la jirani akanitafsiria bila kuinua kichwa:

"Anasema msomi wetu ameleta sanduku limlimie."

Hakuna aliyenigombeza wala kunitazama. Nililima mpaka viganja vikatoka malengelenge. Jioni watoto wa kisimani walikuwa tayari wanauimba ubeti wangu, na walinisindikiza nao hadi siku ya basi.

Shuleni nikaandika: "Aina: wawe." Mwalimu akasikiliza kaseti, akafurahia hasa pale watu wanapocheka, akaniuliza wanasema nini.

Nikamwambia wanashukuru mvua.