Kaka mkubwa wa chini ya mkorosho

Miaka 9 nilikuwa Muscat nikilea watoto wa watu. Novemba 2024 nikapanda basi Mbagala, tukapita Somanga pale kimbunga Hidaya kilipokata barabara mwezi Mei, jioni nikashuka Mtwara mjini na kuchukua bodaboda hadi nyumbani, mbele kidogo ya Naliendele. Ya safari yaishie hapo. Lililonikalisha chini ni watoto wa kaka yangu.

Nilipanga asubuhi ya kwanza niende peke yangu kwenye kaburi la mwanangu. Alizaliwa 2014, akaishi siku 3. Kwa kuwa alilia alipozaliwa, alioshwa, akakafiniwa na kusaliwa kama mtu yeyote, akalazwa pembeni ya shamba karibu na mkorosho wa marehemu baba. Lakini siku ya 7 hakuifikia, akika haikuchinjwa, basi wakubwa wakakata shauri kwamba hana jina. Alikuwa nalo. La baba yangu. Nililitamka mara moja mbele ya mama, nikaambiwa nyamaza, huyo ni malaika, utazaa mwingine. Sikuzaa mwingine. Nilinyamaza, nikasafiri, na miaka yote hiyo niliamini kwamba jina lile ninalo mimi tu, siku nikifa limekwisha.

Nafika pale, watoto 3 wameniwahi. Wanacheza baba na mama. Mliokulia kwetu mnaujua mchezo: vifuu ndiyo masufuria, mchanga ndiyo ugali, vijiti vimepangwa mafungu mafungu ndiyo ming'oko, vile viazi vya porini, ya kuuza, na mabibo yaliyodondoka usiku ndiyo kitoweo. Harufu ilikuwa ile ile, ya utamu unaoanza kuchacha. Nilifurahi, nikasimama kuwaangalia.

Ndipo yule wa miaka 7 akamkaripia mdogo wake wa miaka 4: "Mbebe vizuri kaka mkubwa! Mshike shingo!" Akamwita kwa jina. Jina la baba yangu.

Kaka mkubwa ni gunzi la muhindi. Macho amechorwa kwa mkaa, nywele ni nyuzi za katani, na amefungwa kipande cha kanga chenye doa la bibo, na doa la bibo mnajua halitoki kwa sabuni yoyote. Shingoni ana kamba nyekundu, fundo moja.

Nikauliza huyu ni nani. Wakanishangaa. "Shangazi, si yule wa pale?" Kidole kikaelekea kaburini. "Kazaliwa kabla yetu, ndiyo kaka mkubwa." Mbona mdogo, mbona anabebwa? "Alikuwa anaumwa."

Wakaendelea kunisimulia kama wanavyosimulia habari za mtu yeyote wa nyumbani. Kwamba hapendi uji usio na sukari. Kwamba wenzake wa jirani walipokwenda jando, naye alipelekwa: wakamficha nyuma ya ghala, wasichana wakakatazwa kusogea, alipotoka akavalishwa nguo mpya, madebe yakapigwa, na pilau ya mchanga ikaliwa na majirani wote.

Najua ni gunzi. Lakini niliposikia hilo la jando miguu iliisha nguvu. Angekuwa na miaka 10, umri wake hasa. Mwanangu ametoka jandoni, kapigiwa madebe, na mimi niko Muscat napiga pasi kanzu za watoto wa wenzangu. Niliona wivu. Niliwaonea wivu watoto wadogo, kwa sababu wao walimkuza, mimi nilimwacha na siku zake 3.

Usiku nikamuuliza mama. Alikuwa anatenga korosho, hakuinua macho. "Waliniuliza kaburi dogo la nani. Ningewadanganya?" Kumbe hata majani pale hung'oa yeye kila mwaka. Miaka 9 tunapigiana simu, tunaulizana afya na bei ya korosho, na hilo hakuwahi kulisema. Wala mimi sikuwahi kumuuliza.

Wewe unayefunga mabegi kurudi, zawadi nunua, ila usijidanganye kwamba umebeba uchungu peke yako na waliobaki wamesahau. Na ninyi mliosema hana jina, nendeni mkawasikilize watoto.

Kaka anataka kuukata ule mkorosho. Anasema umezeeka, apande miche ya kubebesha, ile iliyounganishwa, inayozaa mapema. Nimemwambia miche nitanunua mimi, apande upande wa barabarani. Huu hauguswi. Amekasirika, na akasirike.

Juzi nikaomba kucheza. Nilitaka, sitaficha, kuwa mama yake. Yule wa miaka 7 akakataa, mama ni yeye, mimi niwe mgeni kutoka Omani. Basi nikarudi nyuma kidogo, nikatembea taratibu, nikapiga hodi.

"Karibu, shangazi. Lakini sema polepole, ndiyo kwanza amelala."