Mradi wa Amaan: nauliza mpira, najibiwa halaiki

Kwa asiyenifuata tokea mwanzo: nawarekodi watu wa Unguja wakisimulia Uwanja wa Amaan kwa sauti zao, kisha kila simulizi naioanisha na picha za albamu za nyumbani. Uwanja ulifunguliwa 1970, ukijengwa kwa msaada wa China, kwa hiyo walioingia siku za mwanzo wakiwa watoto sasa wana wajukuu. Na baada ya ukarabati mkubwa uliokamilika Disemba 2023, Amaan ya zamani huwezi tena kwenda kuionesha kwa kidole.

Nilianza na wazee wa barazani, nao wakanipa mpira kama nilivyotaraji. Timu ya Malindi ya 1995, ile iliyofika nusu fainali ya Kombe la CAF la klabu za Afrika, bado inabishaniwa kila baada ya Alasiri. Kichekesho ni kwamba taji kubwa la mwaka huo, Kombe la Chalenji la Afrika Mashariki na Kati, timu yetu ya Zanzibar ililitwaa huko Uganda. Amaan haikuhusika kabisa. Mzee mmoja kalisimulia kama vile alikuwa jukwaani, na mimi nimemwacha. Redio za wakati ule zilikuwa na nguvu zake.

Mambo yaligeuka nilipoanza kuingia ndani, kwa kina mama.

"Mpira? Mimi na mpira wapi, mwanangu! Mimi nimecheza halaiki."

Na mwengine hivyo hivyo. Na jirani yake. Sherehe za Mapinduzi za tarehe 12 Januari zimewaingiza uwanjani wasichana wengi wa skuli ambao hawajawahi kutazama mechi hata moja. Kwao Amaan ni mazoezi ya jua kali, filimbi ya mwalimu na safu ndefu za watoto wanaonyanyua mikono kwa pamoja.

Bibi mmoja wa Kwahani, baada ya chei chei na chai ya tangawizi, aliona maneno hayatoshi. Akajifunga kanga kiunoni, akasimama katikati ya ukumbi, akahesabu: moja, mbili, tatu, nne. Mikono juu, mikono pembeni, kisha ainame, na goti la kushoto likakataa. Akacheka mwenyewe. "Hapa tulikuwa tunageuka sote. Ukichelewa, unaonekana kama kunguru kwenye yangeyange." Raba alizovaa siku ile zilikuwa za dada yake, zinambana, na usiku wake alizipaka chaki ili ziwe nyeupe. Mkuu wa nchi alisema nini, hakumbuki. Chaki anaikumbuka mpaka harufu.

Basi maswali nimeyabadilisha. La kwanza sasa ni: uliingia Amaan kwa ajili gani? Majibu yamepanuka: gwaride, kuapishwa kwa rais, Kombe la Mapinduzi usiku. Vijana wananitajia Simba na RS Berkane ya Morocco, 1-1, tarehe 25 Mei 2025, au Sudan kuifunga Nigeria 4-0 kwenye CHAN, michuano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za ndani, Agosti ya mwaka huo huo. Hao wanaujua uwanja wa viti 15,000. Kukalia zege juu ya kipande cha boksi ni hadithi tu kwao.

Kwa upande wa kazi yenyewe: feni izimwe kabla ya kurekodi, hata watu watoke jasho, maana mvumo wake haufutiki. Picha zilizogandana na plastiki ya albamu sizibandui. Nazipiga kivulini, simu nikiiinamisha kidogo ili mng'aro usiingie.

Sasa natafuta walimu waliofundisha halaiki, na mafundi cherehani walioshona zile sare. Baadaye Pemba, kwenye uwanja wa Gombani, ambako Januari 2025 Zanzibar iliifunga Burkina Faso 2-1 na Kombe la Mapinduzi likabaki nyumbani. Rafiki wa Chake Chake kashanipa chumba.

Mwenye mama au shangazi aliyecheza halaiki miaka ya sabini, na akaridhia kurekodiwa, aniandikie. Albamu haitoki nyumbani kwake, picha napiga hapo hapo.