Mimi, shemeji na faili la Excel: kukadiria muda wetu wa HYROX wawili wawili

Haya wakuu, nimerudi na ule mradi. Kwa ambaye hakuwepo: mimi na shemeji yangu, kaka wa mke wangu, tunakaa wote Deira hapa Dubai, tulijiandikisha HYROX, yale mashindano ya kukimbia ukichanganya na mazoezi ya nguvu, upande wa wanaume wawili wawili. Shemeji akasema tutatumia lisaa limoja na dakika kumi, mimi nikacheka, akaniambia basi shemeji si wewe ndo mtu wa namba, nionyeshe hesabu. Ndo yote yalipoanzia.

Uzuri wake haya mashindano tangu yaanze Hamburg 2017 mpangilio ni ule ule kila mji, unakimbia kilomita 1 unaingia stesheni, yaani kituo cha zoezi moja, unakimbia tena, hivyo hivyo mara 8, na yote yanafanyika ndani ya ukumbi, hakuna kilima hakuna mvua. Kwa hiyo unakadiria kitu ambacho hakibadiliki badiliki sana. Matokeo nayo yanatoka na muda wa kila kipande. Mtu kama mimi ukimpa vitu hivyo hatalala.

Toleo la kwanza nilifanya kivivu. Shemeji akiwa freshi kilomita anaikata kwa 4:20, mimi 5:30, nikachukua wastani 4:55 nikazidisha mara 8, ikatoka 39:20. Stesheni zote 8 nikifanya peke yangu ni dakika 36, yeye 42, wastani 39. Jumla 1:18:20. Nikamtumia, akasema mbona nyingi.

Sasa hapo nilikuwa nimeshachemka mara mbili na sijui. Kwanza kwenye wawili wawili mnakimbia WOTE kilomita zote 8, pamoja, hakuna kupokezana. Wastani wa nini sasa? Mwendo ni wa yule wa polepole, yaani mimi, shemeji hata akiwa swala itabidi anisubiri. Na mimi siwezi kushika 5:30 miguu ikishachoka, kwenye mazoezi nilikuwa nacheza kwenye 5:48, kwa hiyo 46:24. Pili, kwenye stesheni ndo mnagawana, mmoja anafanya kazi mwenzake anahema pembeni, na mtu aliyepumzika sekunde 30 anarudi na moto mwingine kabisa. Tulipojaribu zote 8 kwa kupokezana zilichukua dakika 33, sio 39. Kwa hiyo toleo la pili likatoa 1:19:24. Umeona ujinga huo? Limepishana na la kwanza kwa dakika moja tu, kosa moja lilikuwa linaficha lingine. Ningeangalia jumla peke yake ningesema niko vizuri.

Halafu ikaja habari ya sledi, lile chuma lenye uzito unalolisukuma sakafuni, hii nimekaa nayo wiki mbili. Sledi ya kusukuma kwa wanaume ni kilo 152 pamoja na chuma chenyewe, mita 50, zinakatwa vipande 4 vya mita 12.5. Mimi nina kilo 94, naisukuma. Shemeji ana 63, akiiegemea ile kitu kwanza inamtazama tu. Kipande kimoja mimi sekunde 25, yeye 50. Akili ya kawaida inasema sukuma wewe vyote, si ndio? Tukajaribu. Nikasukuma vyote 4, ukiweka na pale nilipokuwa nimesimama nimeshika magoti ikawa 2:10, kilomita iliyofuata nikakimbia 6:25, miguu kama nimekopa. Wiki iliyofuata tukagawana viwili viwili, sledi ikachukua 2:30, ila kilomita iliyofuata 5:50. Piga hesabu: 8:35 na 8:20. Tumepoteza sekunde 20 kwenye sledi tukazirudisha 35 kwenye kukimbia. Jaribio moja moja najua sio ushahidi, lakini mwili wangu ulikubaliana na namba.

Kuanzia hapo faili likabadilika kabisa, kila stesheni ikapata safu yake ya "nani anafanya asilimia ngapi", na kanuni ni kumlinda anayekimbia polepole. Mashine ya makasia tukapanga kubadilishana mara moja tu maana kufungua na kufunga mikanda ya miguu kunakula sekunde. Ile SkiErg, mashine ya kuvuta kamba kwenda chini ukiwa umesimama, unaachia kamba mwenzako anadaka, hiyo badilisha hata kila mita 100. Lanji, zile hatua ndefu za kushusha goti chini, na mfuko wa mchanga begani, shemeji abebe sehemu kubwa. Ila mwishoni kabisa kuna ile mipira ya kurusha ukutani, 100, kilo 6, na baada ya hapo HAKUNA kukimbia tena, kwa hiyo pale mimi ndo nijimalize, nikianguka naanguka nimeshamaliza.

Siku yenyewe: 1:26:11.

Nilikaa chini ukumbini na medali shingoni nafungua simu kuangalia vipande. Kukimbia 47:50, nilijipendelea kidogo kwenye makadirio, kilomita ya baada ya burpii, zile za kulala chini unainuka unaruka, ilinitoa roho. Stesheni 32:31, tulikuwa mbele ya makadirio kwa sekunde 29, na hapo shemeji alishanyimwa mipira kadhaa na refa kwa kutochuchumaa vya kutosha. Sasa dakika zingine ziko wapi? Roxzone. 5:50. Hilo ni lile eneo la kutoka njia ya kukimbilia kwenda stesheni na kurudi, lina muda wake kwenye matokeo, mimi nimeyatazama hayo matokeo miezi mizima na hiyo safu naiona, na kwenye faili langu sikuiweka. Sifuri. Kwenye jimu yetu sledi iko hatua nne kutoka kwenye tredimili, nani angefikiria. Na tulikuwa tunatembea, tena kwa kujiachia, mara mbili shemeji alikunywa maji pale, kuna mara nilipita mlango wa stesheni yetu ikabidi nirudi.

Kwa hiyo toleo la tatu lina Roxzone. Nataka pia nichukue matokeo ya watu walioshindana peke yao halafu wakashindana wawili, niangalie ile nafuu ya kupokezana kama ni asilimia 15 kama yetu au sisi ndo tulikuwa wavivu tukiwa peke yetu.

Shemeji naye kanitumia meseji jana, yeye ni mlinzi wa usiku na alitoka lindo saa kumi na mbili asubuhi ya siku ile ile ya mashindano: "shemeji kwenye hilo faili weka na safu ya usingizi". Nimeweka. Anasema ratiba ya mwezi ujao bado hawajampa.